Daftari na Mashine: Baina ya Habari na Insha

Swali la ukweli huulizwa kwa kawaida kwa namna moja: kauli ikishasemwa, je, inaafikiana na jinsi mambo yalivyo? Swali hilo hudhani kwamba kauli ndiyo inayopimwa na ulimwengu ndio kipimo, ilhali ziko kauli nyingi ambazo mizani yake imegeuzwa, kwa kuwa ndani yake ulimwengu ndio unaopimwa na neno ndilo kipimo. Wanazuoni wa balagha ya Kiarabu, yaani elimu ya ufasaha wa usemi, walizigawa kauli mafungu mawili kwa msingi huo. La kwanza ni habari, ambayo msemaji wake aweza kuambiwa amesema kweli au uongo. La pili ni insha, kama vile amri, katazo na ombi, ambayo haiwi kweli wala uongo kwa sababu haielezi jambo lililopo, bali yataka jambo liwepo. Aristotle naye alikwishasema kwamba dua ni kauli yenye maana, lakini haina ukweli wala uongo. Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili ya Kiarabu, kikalifanya la kwanza kuwa salamu ya kila siku na la pili kuwa jina la utungo wa mwanafunzi darasani, hata maana yake ya asili, ambayo ni kuanzisha na kuumba, ikasahaulika.

Mwaka 1957 mwanafalsafa wa Uingereza, Elizabeth Anscombe, alilirejea jambo hilo katika kitabu chake kuhusu kusudio, akatoa mfano wa mtu anayekwenda kununua vitu akiwa na orodha mkononi, huku mpelelezi akimfuata na kuandika kila anachokinunua. Orodha hizo mbili zaweza kufanana neno kwa neno. Lakini orodha ya mnunuzi ikitofautiana na vilivyomo kikapuni, kosa limo katika kitendo chake, na orodha ya mpelelezi ikitofautiana na kikapu hichohicho, kosa limo katika maandishi. Kwa hiyo sura ya maandishi peke yake haitoshi kuonyesha kama ni habari au insha, na kinachoonyesha ni kipi kati ya neno na kitu kitasahihishwa pale viwili hivyo vinapogongana.

Tofauti hii, ambayo yaweza kudhaniwa kuwa ni ya vitabuni tu, hukutana na msimamizi wa kituo cha data siku anaposanidi uendeshaji wa seva kwa mbali. Seva inayokusudiwa hapa ni mashine halisi ya chuma na waya, ambayo mteja hupewa yote nzima, tofauti na mashine pepe, ambazo ni programu zinazogawana mwili mmoja. Juu ya ubao mkuu wa seva ya namna hiyo kuna kompyuta ndogo ya pili, yenye prosesa yake na njia yake ya mtandao, inayoendelea kuwa macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, maadamu waya wa umeme haujachomolewa. Kompyuta hiyo ndogo, iitwayo kidhibiti, ndiyo inayoweza kuiwasha seva, kuizima na kueleza hali yake, na huzungumza kwa lugha zilizokubaliwa na watengenezaji: ya zamani ni IPMI, iliyotangazwa mwaka 1998, na ya karibuni zaidi ni Redfish, iliyotolewa mwaka 2015. Kati ya kidhibiti na programu kuu ya usimamizi husimama kiendeshi, yaani programu ya kati inayofanya kazi ya mkalimani, na kukisanidi ni kukipa anwani ya kidhibiti, jina la mtumiaji na nywila, kisha kujaribu kama kinaitikiwa.

Katika Ironic, programu huria ya mradi wa OpenStack iliyoundwa kwa ajili ya seva za aina hii, hali ya kila seva huandikwa katika hifadhidata, ambayo yafaa kuitwa daftari, na kwa kawaida kila baada ya sekunde 60 kiendeshi hutumwa kuuliza kama seva imewaka au imezimwa. Majibu yakilingana na daftari, hakuna la kufanya. Yasipolingana, hatua inayofuata hutegemea kigezo kimoja chenye thamani mbili tu, ndiyo au hapana: ama daftari lirekebishwe lifuate mashine, ama mashine ilazimishwe ifuate daftari. Anayekiandika kigezo hicho anaamua, pengine bila kujua, kama daftari lake ni habari au ni insha. Na asipoandika chochote, waundaji wamekwisha kumwamulia kwamba ni insha.

Uzito wa uamuzi huo huonekana mbele ya raki. Fundi aliyekuja kubadilisha kijiti cha kumbukumbu akiizima seva kwa kubonyeza kitufe chake, na kuanza kulegeza kifuniko huku waya za umeme zikiwa bado zimechomekwa, aweza kusikia feni zikianza kuvuma kabla dakika haijatimia, kwa kuwa daftari lasema seva hiyo yapaswa kuwaka na kiendeshi kimetii. Hakuna chombo kilichoharibika hapo wala mtu aliyesema uongo. Ila nia ya fundi haikuandikwa, na nia iliyoandikwa haikujua kwamba mahali pale pana mikono ya mtu.

Yaweza kupingwa kwamba dawa ni nyepesi, nayo ni daftari kuwa habari daima. Lakini seva iliyozimika kwa hitilafu ya umeme haikuzimika kwa ridhaa ya mtu, na daftari linaloandika tu kila linachokikuta litaipokea hitilafu hiyo kama kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, wala hapatabaki popote kumbukumbu ya kile alichokitaka mwenyewe. Isitoshe, habari yenyewe haiji bila mpokezi: programu kuu haiioni seva, bali huambiwa na kidhibiti kupitia kiendeshi. Wanazuoni wa Hadithi waliipima habari kwa isnadi yake, yaani mfuatano wa wapokezi wanaojulikana kwa uaminifu, na mawasiliano ya Redfish nayo hutegemea cheti cha kidijitali kilichothibitishwa na mwenye dhamana, naye na mwingine, mpaka ifikiwe asili inayoaminiwa. Msimamizi anayezima ukaguzi wa cheti kwa sababu unamchelewesha amekubali habari asiyoijua isnadi yake, hata kama imesafiri ikiwa imefumbwa. IPMI toleo la 2.0 ni dhaifu zaidi, kwani humkabidhi mwombaji ambaye bado hajathibitishwa alama iliyokokotolewa kutokana na nywila, ambayo aweza kukaa nayo faraghani akibahatisha mpaka aipate. Ndiyo maana mtandao wa vidhibiti hutengwa na mtandao wa watu wote.

Ikiwa habari haitoshi, insha nayo isiyo na mpaka ina madhara yake, na si kwa mashine tu. Katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, mkulima Lal Bihari aliandikwa katika daftari la serikali kuwa amekufa, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1994 alihangaika kuthibitisha kwamba yu hai. Daftari hilo ni habari kwa asili yake, lakini mbele ya ofisi lilifanya kazi ya insha, kwa kuwa mtu mwenyewe alipogongana nalo, yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa na kosa.

Waislamu na Wakristo wanaamini kwamba iko amri moja ambayo haina pengo kati yake na kuwako kwa jambo lililoamriwa, nayo ni ya Muumba, isiyohitaji mkalimani wala kurudiwa. Amri ya kiumbe hupita mikononi mwa wapokezi na kukifikia kitu chenye hali zake, kwa hiyo yapasa kuwa na kikomo ambapo inakubali kugeuka kuwa habari. Ironic imewekewa kikomo hicho: mashine isipotii baada ya majaribio matatu, ambayo ndiyo idadi ya kawaida, daftari hurekebishwa lifuate hali iliyokutwa, na seva huwekewa alama ya matengenezo ili mtu aje kuitazama. Alama hiyohiyo fundi aweza kuiandika mwenyewe kabla hajagusa kitufe, na ikishaandikwa, kiendeshi hakitailazimisha tena seva hiyo mpaka atakapoiondoa.