Bangili ya Mamangu

Nilimnunulia mamangu bangili ya kwatzi ya waridi, lile jiwe la pinki linalochimbwa sana Madagaska. Muuzaji aliapa ni orijino. Baadaye niliona vipovu ndani ya ushanga mmoja. Kumbe ni kioo.

Ningeweza kujitetea: kwatzi na kioo vyote asili yake ni silika. Lakini ndani ya kwatzi atomu zimejipanga, ndani ya kioo zimevurugika, na kwatzi hukwaruza kioo.

Mamangu haivui. Beshte yangu ananiambia, "Wacha tu, bora ako na furaha."

Hiyo furaha naijua. Nilipoacha chuo, nilimwacha miezi minane akiamini bado nasoma. Alikuwa na furaha pia. Siku alipojua, hakuililia karo. Kilichomuuma ni kwamba nilimtazama tu akijivunia kitu ambacho hakikuwepo.

Kumpa kioo si aibu. Pesa zangu zilifika hapo. Aibu ni mimi kujua na yeye asijue. Jumamosi nitamwambia. Akiendelea kuivaa, atakuwa amechagua mwenyewe.