Yafaa Kwenda Kuhiji Ugenini?

Kila mwaka, mvua za masika zinapopungua na mahindi yanapoanza kukauka mashambani, vijana Wakatoliki wa Korogwe na Handeni huulizana habari za safari ya Namugongo, katika nchi ya Uganda, ambako sikukuu ya Mashahidi huadhimishwa tarehe 3 Juni. Sisi tu miongoni mwa vijana hao, nasi tumekwisha kwenda na kurudi. Hatuandiki ili kuisifu safari. Sifa zake husimuliwa na kila arudiye. Twataka kulipima neno tuliloambiwa na mzee wetu mmoja siku tulipomwaga: "Wanangu, Mungu wa Namugongo siye huyu wa Handeni?" Neno hili si la kujibiwa kwa kicheko.

Yatupasa kwanza kusema Namugongo ni mahali gani, kwani wengi walijua jina tu. Pako karibu na mji wa Kampala, na zamani palikuwa mahali pa kuulia watu kwa amri ya makabaka wa Buganda. Katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu walioishika dini yao kuliko amri yake. Kisha katika enzi ya mwanawe, Kabaka Mwanga, tangu 1885 hata 1887, waliuawa Wakristo. Wahesabiwao ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao waliteketezwa kwa moto hapo Namugongo siku ya 3 Juni 1886. Siku hiyo walikufa Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana watumishi wa baraza, na Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964.

Tazameni jambo hili, ndugu wasomaji. Watakatifu hao hawakwenda kuhiji. Waliuawa katika nchi yao wenyewe, kwa amri ya mfalme wao wenyewe, mahali palipochukiwa na kila mzazi. Mahali pale hapakuwatakasa wao. Wao ndio waliopatakasa. Basi mzee wetu alikuwa na hoja yenye nguvu kuliko alivyodhani, maana ikiwa ndivyo, hakuna shamba la muhogo huku Handeni lisiloweza kuwa Namugongo.

Wala si wazee wa Uzigua peke yao walionena hivyo. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alifika Yerusalemu, kisha akaandika barua ya kuwaonya watu wasidhani ya kuwa kubadili mahali humsogeza mtu karibu na Mungu. Naye Jeromu aliandika kwamba njia ya mbinguni i wazi kwa mtu aliye Uingereza sawasawa na kwa mtu aliye Yerusalemu. Neno hilo latuchekesha kidogo, kwa kuwa Jeromu mwenyewe alikuwa amehamia Bethlehemu, na huko ndiko alikofia.

Basi Mungu ni yeye yule huku na huko. Abadilikaye ni msafiri, na twadhani hapo ndipo ilipo faida ya safari, kama ipo. Mtu akikaa kwao ni mwenyeji. Ana mlango wake, ana jina la baba yake, na mgeni akija, yeye ndiye atoaye kigoda na maji. Watu wa Handeni tumezoea kuwa wenyeji. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakadanganywa kwa ahadi ya kazi, wakapakiwa majahazini na kuishia bondeni mwa mto Juba, katika nchi ya Somalia, wakauzwa utumwani. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, wajukuu wao walikimbia, na baadhi yao wakarudi hata huku, wakapewa mahali pa kukaa Chogo. Walikuja na Kizigua vinywani mwao baada ya vizazi vingi. Sisi tuliozaliwa huku tuliwaita wageni, nasi tukajiona wakarimu.

Sasa yatazameni mambo yalivyogeuka. Tulitoka Korogwe kwa basi, tukapita Same, Moshi na Arusha, tukavuka mpaka Namanga, tukapita Nairobi, tukavuka tena Busia. (Katika nchi zote tatu fedha huitwa shilingi, wala hakuna shilingi iliyo sawa na mwenziwe, abadiliye kwa haraka hupata hasara.) Kutoka Busia tuliwaona mahujaji waendao kwa miguu, wengine wametoka Kenya, miguu imevimba, rozari mkononi. Namugongo tulilala chini, penye umati wa watu ambao hatukuijua lugha yao. Mama mmoja wa Kiganda alitupa matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba. Tulitaka kumlipa, akakataa. Tulitaka kumshukuru kwa maneno marefu kama ilivyo desturi yetu, lakini maneno hatukuwa nayo ila moja tu. Ni jambo zito kwa kijana mwenye nguvu kulishwa na mama asiyemjua, naye hana cha kurudisha. Nyumbani hatukupata kulijua jambo hilo, kwa sababu nyumbani kila jirani atupaye leo tutampa kesho. Na tangu kurudi, twaona haya kusema ya kuwa watu wa Chogo ni wageni wetu.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililotuletea maneno mengi tuliporudi: maji. Pale Namugongo pana ziwa dogo karibu na kanisa kuu, na mahujaji huteka maji yake kwa chupa na madumu, wakayachukua makwao. Nasi tulichukua. Huku Handeni, ambako mwezi wa ukame mtu huijua bei ya dumu la maji kuliko bei ya nyama, hakuna ajabu watu kuyapokea maji kwa heshima. Lakini nchi yetu yajulikana pia kwa waganga wake, hata watu hutoka mbali kuja kuwatafuta. Kabla hatujapumzika, mama mmoja mzee, aliyetupa mchango wake siku ya kuondoka, alikuja kuomba maji hayo amnyweshe mjukuu wake mwenye homa.

Tumjibu nini? Yuko mwenzetu aliyesema tumkatalie, tusije tukawa waganga wenye misalaba. Twaona jibu hilo ni la kiburi. Kanisa lenyewe hubariki maji na kuyatumia, na mama huyu hakukosa kwa kutamani baraka. Tofauti iko mahali pengine. Mwenye hirizi hudhani amemfunga Mungu, ya kuwa akifanya hivi, Mungu hana budi kufanya vile. Mwenye sala huomba, na baada ya kuomba bado yu radhi kusikia hapana. Maji ni yale yale katika mikono miwili. Basi tulimwambia: "Bibi, maji ya ziwa hayanywewi mabichi, na homa ya mtoto yataka zahanati leo leo." Tukamchukua mtoto kwa baiskeli, naye bibi akaja nyuma na kichupa chake mkononi. Jioni tulisali pamoja naye, akampaka mtoto maji kidogo katika paji la uso. Kama moyoni mwake ilikuwa hirizi au sala, hatuwezi kuapa. Hata katika mioyo yetu wenyewe mpaka huo haukuchorwa kwa kamba.

Hatari ya pili ni ya umati. Namugongo siku ile watu huhesabiwa kwa malaki, na wimbo ukianza, mtu huona kana kwamba dunia nzima ni Wakatoliki. Huku kwetu Waislamu ni wengi, Waanglikana wametutangulia kwa miaka mingi pande za Korogwe, na kigango chetu kina watu thelathini, katekista mmoja na ngoma iliyopasuka. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, kijana huiona ibada ya nyumbani kama uji usio na chumvi. Kizito na wenziwe hawakuwa na umati wa kuimba pamoja nao. Walikuwa wachache wafundishwao kwa siri. Aliyerudi kutoka kwao na kuwadharau watu thelathini amekwenda kuangalia sherehe tu.

Lakini hoja iliyo ngumu kupita zote ni ya mali. Jirani zetu Waislamu wamefaradhiwa kwenda Makka, lakini juu ya awezaye tu: alipe kwanza madeni yake, awaachie watu wa nyumbani chakula cha kuwatosha hata atakaporudi. Wakatoliki hatukufaradhiwa hija yoyote. Basi ikiwa aliyeamriwa hupimwa hivyo, sisi tusioamriwa tutajipimaje? Asiye na nauli ya Uganda anaweza kwenda Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakakomboa watumwa, asiwe amepungukiwa kitu mbele ya Mungu. Na auzaye mbuzi wa ada ya shule ya mdogo wake ili apande basi, huyo twamwambia wazi: hija yake inalipwa na mtoto, naye mtoto hakuulizwa.

Tena malipo mengine si ya fedha. Mwezi wa Juni, mahindi yakiwa yamekomaa, nguruwe wa mwitu huja usiku na nyani huja mchana. Kila shamba lataka mtu dunguni. Tulipokuwa Namugongo tukiimba, ndugu zetu wadogo walikuwa dunguni wakipiga madebe, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyewaita mahujaji. Tulipoulizana ni nani aliyelipa zaidi kwa safari hii, hatukuona jibu jingine ila wao.

Kwa hiyo vijana wa kigango chetu tumefanya shauri. Majina yameandikwa kwa zamu katika daftari la katekista: aliyelinda shamba mwaka uliopita ndiye atakayetangulia kwenda, na aliyekwisha kwenda atapanda dunguni siku hizo hizo. Michango itasomwa hadharani Jumapili, iliyotolewa na iliyobaki. Mmoja wetu amenung'unika, asema mbu wa dunguni hawajui sikukuu. Jina lake limeandikwa vivyo hivyo.