Haki ya Kushindwa

Mtunzi ana deni gani kwa yule anayekipokea kitu alichokitunga? Swali hili ni la kale, na aghalabu huulizwa katika ushairi. Akifumba, afumbe hadi wapi? Wapo wasemao kuwa utungo usioeleweka ni mlango uliofungwa kwa makusudi, na wapo wanaojibu kuwa mlango haukufungwa, ila mgeni ndiye asiyejua kupiga hodi. Mabishano haya yana mfano wake mahali ambapo wapenzi wa mashairi hawana desturi ya kupatazama, nao ni mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1986. Mchezo wenyewe ni wa watoto, au ndivyo udhaniwavyo; lakini kisa chake kimebeba mambo ya ahadi, haki na hadaa ambayo si ya kitoto hata kidogo.

Ulitanguliwa na mwingine. Tarehe 13 Septemba 1985, kampuni ya Nintendo, yenye makao yake katika mji wa Kyoto, ilitoa Super Mario Bros., kazi ya Shigeru Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka. Mtu mfupi mwenye masharubu anakwenda kuumeni, anaruka mashimo, anakanyaga maadui, anaokota sarafu, na mwisho wa safari yuko binti mfalme aliyetekwa. Sifa kubwa ya mchezo huo ni namna unavyomfunza mtu bila ya kumwambia neno. Mwanzoni kabisa anatokea adui mmoja anayetembea polepole; asiporukwa, anaua, na hasara yake ni ndogo kwa kuwa safari ndiyo kwanza imeanza. Baadaye kidogo unatoka uyoga ndani ya kisanduku. Unateleza, unagonga bomba, unarejea upande aliko mchezaji, hata asiyeutaka huenda ukamgusa. Akishaguswa hukua, na tangu hapo anajua kwamba uyoga ni heri. Hivyo ndivyo mchezo ulivyoijenga lugha yake, alama moja baada ya nyingine, na kila alama ikawa ni ahadi. Mamilioni ya watu waliijifunza lugha hiyo wakaiamini.

Tarehe 3 Juni 1986 ukatoka wa pili. Miyamoto alikuwa ameshughulika na The Legend of Zelda, uliotoka Februari ya mwaka huo huo, na mzigo mkubwa wa Mario ukamwangukia Tezuka. Mchezo huu mpya haukuwa wa katriji bali wa diski, ambayo mtu aliweza kuipeleka dukani ikaandikwa mchezo mwingine kwa yen 500 tu. Sura yake ilikuwa karibu ile ile ya mwanzo: matofali yale yale, mabomba yale yale, muziki ule ule wa Koji Kondo. Ila juu ya kifuniko yaliandikwa maneno ya kutahadharisha kuwa mchezo huu ni wa wachezaji mabingwa.

Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Mapema kabisa, katika hatua ya kwanza ya dunia ya kwanza, unatoka uyoga kisandukuni. Unafanana na ule wa heri, ila rangi yake imepotoka kidogo. Anayeukimbilia kwa furaha ya mazoea anadhurika, na akiwa mdogo anakufa papo hapo. Katika mchezo wa kwanza, aliyesimama kando ya bomba alikuwa salama, kwani ua lenye meno lililokaa ndani halikuthubutu kutoka. Katika huu, maua mekundu yanatoka bila ya kumjali aliyesimama kando. Zamani chumba cha siri chenye mabomba kilikuwa ni zawadi ya mdadisi, kwa sababu kilimpeleka mbele dunia kadhaa. Sasa katika dunia ya tatu limo bomba linalomrudisha ya kwanza. Upo upepo unaosukuma mrukaji akiwa hewani, na zipo springi zinazomrusha juu hata akatoweka kwenye kioo, asijue ataangukia wapi. Yapo pia matofali yasiyoonekana, yaliyotegwa juu ya mashimo, ili aliyeruka sawasawa agonge kichwa hewani na atumbukie.

Hapa ndipo swali la haki linapoingia, na ni vyema kutochanganya mambo. Upepo ni mgumu lakini ni mkweli: unaonekana ukipeperusha majani, na anayetaka kuushinda sharti ajifunze kuupima, kama nahodha apimavyo. Kuna ugumu wa namna hii katika bao, mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, ambao kete zake zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili na hata ya watazamaji waliojazana barazani. Anayeshindwa bao hana wa kumlaumu. Kila kilichomshinda alikiona. Tofali lisiloonekana ni jambo jingine. Hakuna akili, wala subira, wala wepesi wa mkono uwezao kulijua kabla ya kuligonga. Mchezaji anaadhibiwa kwa kutojua kitu ambacho hakuwa na njia ya kukijua, kisha anaambiwa arudie. Mara ya pili atalikwepa, naam, lakini kwa kukumbuka, si kwa kufahamu.

Na uyoga wa sumu? Huo unasimama katikati, na ndio unaostahili kufikiriwa zaidi. Si siri kamili, kwa kuwa rangi yake inausaliti kwa mwenye jicho kali. Wala si wazi kamili, kwa kuwa unategemea imani iliyojengwa na watunzi wale wale mwaka mmoja nyuma. Uongo hauwezi kufanya kazi pasipo na ukweli uliotangulia. Asiyewahi kuucheza mchezo wa kwanza haudanganywi na uyoga huu. Kwake ni adui kama maadui wengine. Anayedanganywa ni mwaminifu, yule aliyeipenda lugha ile hata akaacha kuitazama. Mtu anaweza kusema kuwa huo ni usaliti. Anaweza pia kusema kuwa ni mzaha baina ya watu wanaojuana, kama shairi la fumbo ambalo malenga humpelekea malenga mwenziwe akijua kwamba atakuna kichwa, atakasirika, kisha atacheka. Fumbo la namna hiyo ni heshima, kwani mtu hamfumbii asiyemthamini.

Hoja hii ya pili ina nguvu, nayo inaungwa mkono na soko: Wajapani walionunua diski ile walipita milioni mbili, na hakuna mchezo wa diski za Nintendo uliouzwa kuliko huo. Lakini kuna kasoro ambayo watetezi huipita haraka. Waliotunga mchezo wa pili walikuwa wameucheza wa kwanza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote duniani. Mikono yao ilikuwa imezoea, na kila walilolitunga walilijaribu kwa mikono hiyo hiyo. Fundi aliyezama katika kazi yake huanza kuyaona magumu kuwa ni ya kawaida na ya kawaida kuwa hayana ladha. Huo si ubaya wa moyo. Ni upofu wa ustadi, na washairi wanaujua vyema, hasa wale ambao kila diwani yao mpya ina wasomaji wachache kuliko iliyotangulia.

Kitendawili cha Waswahili kilikwisha kuliona tatizo hili na kikaliwekea dawa. Mtegaji hutega, wategwa hujaribu, wakishindwa huombwa mji. Wakishautoa, mtegaji husema alivyokwenda huko na kurudi, ndipo jibu likatoka. Kushindwa kuna utaratibu na kuna malipo yake, na aliyeshindwa haondoki mtupu. Mchezo wa 1986 hauombi mji. Unamwachia mtu aanguke shimo lile lile mara ishirini akitaka, au azime runinga.

Hayo yangebaki kuwa mambo ya Japani laiti diski ile isingepelekwa Marekani kutazamwa. Biashara ya michezo ya video ya Marekani ilikuwa imeporomoka mwaka 1983, na Nintendo ilikuwa inajipenyeza katika soko lenye wauzaji waliokwisha kuungua vidole. Katika tawi la kampuni huko alikuwapo Howard Phillips, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuipima michezo iliyotoka Japani na kushauri ipi itawafaa Wamarekani. Aliucheza huu, akakutana na uyoga, upepo na matofali ya siri, akaona kuwa si starehe bali ni adhabu. Ushauri wake ulifuatwa. Mchezo haukutolewa.

Ni rahisi kumsifu Phillips kwa kumtetea mtoto ambaye angetumia zawadi yake ya mwaka kununulia kilio. Ni rahisi vile vile kumlaumu kwa kuhukumu kwamba taifa zima halina ubavu wa kulibeba jambo ambalo taifa jingine lililibeba kwa furaha. Yote mawili yana ukweli wake, lakini lililo zito zaidi ni lililofuata. Soko lilitaka Mario wa pili, na lilipewa. Mwaka 1987 Nintendo ilikuwa imetoa Japani mchezo uitwao Yume Kōjō: Doki Doki Panic, uliotengenezwa kwa ushirika na kituo cha Fuji Television. Wahusika wake walivaa mavazi ya Kiarabu, na ndani yake mlikuwa na mitungi, vinyago na mazulia yarukayo. Msomaji wa Alfu Lela Ulela asingejiona mgeni. Watu wanne wa hadithi hiyo walifutwa, mahali pao wakachorwa Mario, nduguye Luigi, binti mfalme na mtumishi wake, na Oktoba 1988 mchezo ukauzwa Marekani kwa jina la Super Mario Bros. 2.

Ulikuwa mchezo mzuri, na lazima ikubaliwe hivyo. Umepatikana kwa mikono ya watu wale wale wa Kyoto, na baadhi ya viumbe vyake vimebaki katika hadithi za Mario hadi leo. Japani yenyewe iliupokea mwaka 1992 kwa jina la Super Mario USA. Lakini mtoto wa Chicago aliyeununua aliamini kuwa ameshika mwendelezo wa kitabu alichokipenda, kumbe alishika kitabu kingine kilichobandikwa jalada. Uyoga wa sumu ulikuwa na rangi iliyopotoka, na mwenye jicho aliweza kuutambua. Jalada hili halikuwa na alama yoyote. Ukiwekwa mizani, mtu atauliza ni nani aliyemhadaa mchezaji zaidi: yule aliyemtegea shimo akamwonya juu ya kifuniko kuwa mashimo yapo, ama yule aliyemwepusha na shimo pasipo kumwambia kuwa njia imebadilishwa.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilichelewa. Mwaka 1993 mchezo ule uliingizwa katika mkusanyiko uitwao Super Mario All-Stars, na hapo Wamarekani wakauona kwa mara ya kwanza. Picha zilichorwa upya, uyoga wa sumu ukapewa sura inayotambulika kwa urahisi, na mchezaji akaruhusiwa kuanzia kwenye hatua ile ile aliyoshindwa badala ya kurudishwa mbali. Mashimo hayakufukiwa, wala upepo haukutulizwa. Ni kazi ya mhariri mwenye adabu: maneno ya mtunzi yamebaki, pembeni yamewekwa maelezo. Ajabu ni jina ulilopewa huko, The Lost Levels, yaani hatua zilizopotea, ilhali hazikupata kupotea. Zilikuwa zimewekwa ghalani na watu waliojua ghala liko wapi.

Toleo la asili lenyewe, lisilopunguziwa kitu, lilifika Marekani na Ulaya mwaka 2007 kupitia mtambo wa Wii, miaka 21 baada ya kutungwa. Walionunua safari hii walijua wanachokinunua, na wengi wao walikuwa watu wazima, wenye watoto wao. Uyoga ulikuwa na rangi ile ile ya mwanzo, na bomba la dunia ya tatu bado lilikuwa likimrudisha mtu alikotoka.