Mimea ya Vyunguni na Hewa ya Nyumbani



Twaona siku hizi vyungu vya mimea vimejaa vyumbani mwetu, na mwenye nyumba akiulizwa faida yake hujibu, "Mimea hii yasafisha hewa." Kupanda ni jambo jema lenye thawabu, nasi hatulikatazi. Lakini yatupasa kuuliza: neno hili limetoka wapi, na dalili yake ni nini? Kwani kushika neno kwa kuwa limesemwa na wengi ndiyo taklidi ile ile tuilaumuyo katika mambo ya dini.

Asili yake ni hii. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, B. C. Wolverton, katika kazi aliyoifanyia NASA, shirika la safari za anga, alitia mimea ndani ya masanduku yaliyozibwa, pamoja na mivuke mibaya kama ile itokayo katika rangi na gundi. Mivuke ikapungua. Hayo ni kweli. Ila nyumba si sanduku lililozibwa. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Cummings na Waring, walizipima upya hesabu za majaribio ya namna hiyo. Wakaona kwamba, ili mimea ifanye kazi sawa na ile ifanywayo na hewa ipitayo nyumbani, yahitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Ni nani kati yetu awezaye kulala katika msitu huo?

Lau hasara ingekuwa ni bei ya chungu tu, tungenyamaza. Hasara ni kujidanganya. Mtu huweka mshubiri dirishani, kisha dirisha lenyewe akalifunga. Na humo ndani jiko la makaa lawaka, chetezo chafuka moshi, na baba avuta sigara karibu na mtoto mchanga. Moshi huo hauondolewi na majani mawili matatu. Tena makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na katika hao zaidi ya 237,000 ni watoto wasiotimia miaka 5.

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliacha kiwanda kilicho wazi juu, ili mwanga na upepo viingie. Sisi twaziba, kisha twatafuta dawa chunguni.

Basi na tufungue madirisha yaelekeanayo. Jiko na liwe nje au penye upepo, wala tusilale nalo chumbani. Sigara na iachwe. Kisha tupande mrihani na asumini kwa uzuri na harufu yake, si badala ya dirisha. Watoto wetu ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.