Kunywa Chai Yako Yote

Kikombe cha chai unakiacha nusu. Kiu unayo, lakini gari la Pangani linakaribia kupita, na wewe unaijua njia ya Mkwaja mpaka Bweni, shimo kwa shimo, na kila shimo linavyokibana kibofu. Ndani ya suruali umeweka kipande cha khanga ulichokikunja mara nne. Tangu siku ile ulipodondoka mnazini (au bodaboda ilipokutupa, au kifua kikuu kilipokula pingili za mgongo) umejifunza kukaa na kiu kama mtu anavyojifunza ufundi. Leo nataka uuache ufundi huo.

Nisikilize, ndugu yangu. Hujarogwa, wala hujarudi utotoni. Kibofu kikijaa hupeleka habari kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo, na ubongo hujibu: ngoja kwanza. Njia ikikatika, lile "ngoja" halifiki. Kibofu kinajikamua kitakavyo hata kikiwa na mkojo kidogo, na mara nyingi mlango wake unajifunga wakati huohuo. Mkojo unakosa pa kutokea, unasukumwa juu kwenye figo. Kulowa kunauma moyo, najua, ila kinachoua ni figo. Na kujinyima maji hakukuokoi: mkojo mzito hualika maambukizi na mawe.

Mwaka 1944, Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, madaktari wengi walikwishawakatia tamaa watu wa namna yako. Vidonda vya kulalia na figo ndivyo vilivyowamaliza. Yeye akakataa kuwazika wakiwa hai. Mwaka 1972 Jack Lapides, wa Michigan huko Marekani, akaja na jambo lililowashtua wenzake: mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, mara kadhaa kwa siku, bila vifaa vya chumba cha upasuaji. Sabuni, maji, mpira safi, na mtu wa kukufundisha. Kipi hapo hakiwezi kufika Mkwaja?

Majaribio ya dawa nayo yana kisa cha kuwachekesha watu wa pwani. Pilipili! Mwaka 1992 Clare Fowler na wenzake wa London walieleza walivyotia kapsaisini, ule ukali wenyewe wa pilipili, ndani ya vibofu vya wagonjwa wa neva, ili neva zilizochachamaa zichoke zinyamaze. Iliunguza, lakini wapo waliopata nafuu. Watafiti wakahamia resiniferatoksini, inayotoka kwenye mmea wa Moroko ulio ndugu wa mnyaa, huuhuu wa uani ambao tunawakataza watoto wasiuchezee kwa sababu ya utomvu wake. (Usithubutu kujaribu lolote la hayo nyumbani, hata akikushauri nani.) Njia hizo zilikwama. Iliyopenya ni sumu ya botulinamu. Mwaka 2000 Brigitte Schurch wa Uswisi na wenzake walieleza jinsi walivyoidunga kwenye ukuta wa kibofu, na mwaka 2011 Marekani ikaiidhinisha kwa kibofu kilichoharibiwa na neva. Hutuliza kwa miezi kadhaa, kisha hurudiwa, na huenda ukahitaji mpira ili kumaliza mkojo. Kabla ya kufika huko kuna vidonge kama oksibutinini. Vinakausha mdomo na kufunga choo, lakini vimewarudisha wengi barazani.

Wala usiniambie majaribio haya ni mambo ya Ulaya. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa pia kwa watoto wa Korogwe, mkoa wetu huuhuu wa Tanga. Kwa hiyo siku ukisikia jaribio la dawa ya kibofu usikimbie, na usikurupuke. Uliza kama NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa, wametoa kibali. Uliza madhara, na nani atakutibu ukidhurika. Una haki ya kujitoa siku yoyote, bila kueleza sababu.

Lakini jaribio usilisubiri. Anzia zahanati, omba rufaa ya hospitali ya Bombo. Ikibidi kwenda taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au hospitali ya KCMC Moshi, nenda. Ukiulizwa shida yako, usitaje mgongo peke yake ukanyamaza. Sema mkojo. Kama unamwonea haya shangazi aliyekusindikiza, mwombe akusubiri nje, naye ataelewa. Kisha muulize daktari: "Figo zangu zikoje, kibofu kinabaki na mkojo kiasi gani nikishamaliza, na ni nani hapa atakayenifundisha kutumia mpira?"

Usiinuke kwenye kiti hicho mpaka yote matatu yajibiwe.