Juu ya Kushika Nafasi Usiyoitumia

Wazazi kadha wa kadha wa huku Nalasi wametujia wakiuliza habari za watoto wao waliomaliza kidato cha sita, nao sasa wataka kuingia vyuo vikuu. Swali lao si la ada tu. Wasema: mtoto wa jirani amechaguliwa na vyuo viwili, na wetu hajapata hata kimoja, je, yule afanya vibaya kuzishika nafasi zote mbili mpaka aone ipi itamfaa? Twaona swali hili ni zito kuliko lidhaniwavyo.

Kwanza yafaa kujua mambo yalivyokuwa. Hapo zamani kila chuo kilipokea maombi chenyewe, na mwenye alama nzuri aliweza kuitwa mahali pawili au patatu. Yeye alikwenda mahali pamoja tu. Kwingine kiti chake kikakaa kitupu, hali mwenziwe aliyekataliwa amekaa nyumbani akipalilia mikorosho. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ikaanza kukusanya maombi yote pamoja, na kila mwombaji akapangiwa chuo kimoja. Tangu mwaka 2017 waombaji wamerudi kuomba kwa vyuo vyenyewe, lakini liko sharti: aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri anayopelekewa, katika siku zilizowekwa.

Mtu aweza kusema, “Nafasi hii nimeipata kwa alama zangu, basi ni yangu, na siku zikiwa hazijakwisha sivunji sheria yo yote.” Ni kweli, havunji sheria. Lakini alama zampa mtu haki ya kuingia mlangoni. Hazimpi haki ya kusimama mlangoni. Tutazame kisimani. Mwanamke aliyefika alfajiri ana haki ya kuteka kwanza, wala hapana amwoneaye kijicho. Lakini akiisha kujaza ndoo yake, kisha akaacha ndoo mbili tupu zimshikie zamu hata jioni, wenziwe wataziondoa, hata wale walio wapole sana. Nao hawakusoma sheria po pote.

Neno hili halikomi siku ya kuingia chuoni. Kila muhula mwanafunzi hujiandikisha upya katika masomo atakayosoma, na siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Wazee watakumbuka ya kuwa mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, amri iliyokuja kulegezwa baadaye. Na mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano upitao chini ya bahari ukafika Dar es Salaam. Basi mashine zimeongezeka. Hata hivyo mtoto wa mkulima wa Tunduru mara nyingi hana yake mwenyewe, hutegemea chumba cha kompyuta cha chuo, ambamo watu ni wengi na viti ni vichache. Kijana mmoja wa huku alitueleza jinsi alivyosimama saa nyingi siku ya mwisho ya kujiandikisha, na mbele yake wawili wametazama mpira katika mashine mbili, na kiti cha tatu kimekaliwa na mkoba. Akauliza, akaambiwa kwamba kanuni ni moja: aliyewahi ndiye mwenye kiti.

Je, kanuni hiyo ni ya haki? Twafikiri zamu ni haki pale ambapo watu wote wameanza safari mahali pamoja. Mwenye kompyuta juu ya kitanda chake hujiandikisha saa ile ile mlango ufunguliwapo, na somo lenye nafasi chache hujaa kabla yule mwingine hajapata kiti. Huyu wa kwanza hakuwa na bidii zaidi. Alikuwa karibu zaidi tu. Lakini hatusemi zamu iondolewe. Badala yake ingekuja habari ya kujuana, fulani mtoto wa fulani, nasi sote twajua mwisho wake ni nini. Mtoto wa Nalasi ana wajuani wangapi ofisini? Zamu na ikae, ila iwe na mipaka: siku za kujiandikisha, mashine za chuo ziwe za kazi hiyo kwanza, na mwenye yake awaachie wasio nayo. Wengine watasema hayo ni mambo ya hiari, si ya wajibu. Sisi twaona kwamba kitu kilichonunuliwa kwa fedha ya wote hakimwachi mtu huru hivyo.

Basi kwa wazazi waliotuuliza: yule kijana hakutenda vibaya kuomba vyuo viwili, kwa maana hakujua kama atapata hata kimoja. Vibaya vyaanza siku ajuapo moyoni aendako, naye angali akinyamaza, maana wako wanaongoja awamu ifuatayo ya maombi. Mketi naye jioni moja, mhesabu nauli, ada na chakula, hata Chuo Kikuu Huria chenye kituo chake Songea mkipime pamoja na vingine. Kisha athibitishe kesho yake, asingoje siku ya mwisho. Na namba ile ya siri aitie mwenyewe, asimpe mtu wa dukani amfanyie.