Kahawa ya Mgeni

Maharage hukomaa kwa miezi mitatu. Mihogo hutaka mwaka na zaidi. Mbuni wa robusta, mti unaosomesha watoto wengi wa Karagwe na Kyerwa, hukaa ardhini kama miaka mitatu kabla haujampa aliyeupanda mavuno ya maana, kisha huzaa mpaka wajukuu wafikishane barazani kwa ajili ya urithi. Huku Kagera shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba huitwa kibanja, na mwenye kibanja haulizwi sana katokea wapi. Kwa hiyo ukitaka kujua mgeni anadhani atakaa muda gani, huna haja ya kumhoji. Tazama amepanda nini.

Nkwenda na Kimuli leo ni kata za Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Katika miaka ya 1960 zilikuwa makazi ya wakimbizi, Watutsi waliokimbia Rwanda kufuatia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Enzi hizo sera ilikuwa ardhi na jembe. Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 na Walutheri kwa makubaliano na serikali pamoja na UNHCR, lilizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo: kuwasaidia wakimbizi nchini wafikie kujilisha wenyewe. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Tuzo ya Nansen. Watu wale walipewa muda. Nadhani muda ndio msaada mkubwa kuliko yote ambayo nchi yetu imewahi kumpa mkimbizi, ingawa hauonekani kwenye ripoti yoyote kwa kuwa haupimwi kwa tani wala kwa magunia.

Waliokimbia Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, hawakuupata muda huo. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na upande wa Karagwe zikaota kambi za Kagenyi, Rubwera, Chabalisa na Omukariro. Miaka miwili na nusu baadaye, mapema Desemba 1996, serikali na UNHCR wakatoa tangazo la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza. Mwaka mpya ulipoingia, kambi zilikuwa viwanja vitupu.

Kambi kubwa ina masoko yake, mafundi cherehani wake, vinyozi, kwaya, kamati za maji, walimu wa kujitolea. Yote hayo yalifutika kwa mwezi mmoja. Je, yalikuwa na maana? Mchumi anaweza kujibu kwa takwimu, tena Kagera ina bahati ya kuwa na utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1991, kabla ya mkimbizi wa kwanza wa mauaji ya kimbari kufika. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliuchambua wakakuta ujio wa wakimbizi uliwanufaisha wengine na kuwaumiza wengine: kibarua mzawa alipata mshindani wa jembe, mwenye shamba akapata mikono ya bei nafuu na soko jipya. Maystadt tena, safari hii na Gilles Duranton, alionyesha mwaka 2019 kwamba manufaa kwa wenyeji yalidumu hata baada ya wakimbizi kuondoka, na sababu kubwa ni barabara. Nakubali. Ila barabara zile zilichongwa kwa ajili ya malori ya mashirika. Zinatueleza wakimbizi waliacha nini kwa mwenyeji, Mnyambo wa Kayanga. Hazituelezi kamati ya maji ilikuwa na maana gani kwa mtu aliyekuwa katibu wake.

Ili kuikaribia maana hiyo, nianze na jambo dogo. Kikundi cha kuweka na kukopa, mfumo uliosukwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 na sasa umeenea katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki na makazi mengi ya wakimbizi, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hulala nyumbani kwa wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Kila hisa anayonunua mwanachama hupigwa muhuri kwenye kitabu chake, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri. Kabla kikao hakijafungwa salio hutangazwa kwa sauti, na wiki inayofuata mwenyekiti humnyooshea mtu kidole: taja salio la wiki iliyopita. Ukishindwa, faini. Umechelewa, faini. Simu imelia, faini. Mara ya kwanza mambo haya yanachekesha, watu wazima wakikariri namba kama watoto wa darasa la pili. Lakini sanduku likiibwa au daftari likiloa, hesabu imebaki vichwani mwa watu ishirini na tano, na hakuna mwizi wa kuiba vichwa ishirini na tano.

Sasa mweke humo mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa wa kuhesabiwa tu. Kambini ana kadi ya mgao, ana namba, ana idadi ya wanafamilia, ana nafasi kwenye foleni. Ana haki kadhaa na huruma nyingi. Hana deni. Hakuna anayemdai chochote, hakuna atakayepata hasara asipotokea kikaoni Jumanne. Mwenye madeni anaweza kudhani hiyo ni raha, lakini kutodaiwa na mtu yeyote ni ufukara wa peke yake, maana anayekukopesha amesema kimyakimya kwamba anatarajia kukuona mwezi ujao ukiwa mtu yuleyule. Kikundi kinapomkopesha mkimbizi mtaji wa kuuza dagaa, dagaa ni sehemu moja tu ya habari. Watu ishirini na tano wameweka fedha yao juu ya dhana kwamba mtu huyu ana kesho.

Deni lina sura yake mbaya pia, na Kagera wanaijua kuliko wengi. Mkulima aliyekwama kwa karo au ugonjwa huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupwa, kwa mfanyabiashara atakayekuja kuvuna. Huo ndio butura. Serikali imeupiga vita mara nyingi na vyama vya msingi vimeukemea, lakini haufi, kwa sababu aliye na shida usiku hawezi kungoja malipo ya ushirika ya asubuhi. Butura nao ni kuamini kesho, tofauti ni kwamba kesho yenyewe imeuzwa. Mtu asiye na ardhi, kibarua kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, hana hata maua ya kuuza. Hapo ndipo naona kikundi kinamfaa zaidi kuliko mwenye kibanja: mwenye kibanja ana mahali pabaya pa kukopa, yeye hana mahali kabisa.

Wala si kwamba wazee wa nchi hii hawakujua namna ya kumwamini mtu asiye na ukoo. Wahaya na majirani zao walikuwa na udugu wa kuchanjana, omukago. Tunda moja la kahawa lina buni mbili zilizolaliana. Kila mmoja alipaka buni yake damu na kumpa mwenzake ameze. Baada ya hapo mgeni alikuwa na haki ya kulala kwako na wewe ulikuwa na haki ya kumdai. Ninachokipenda katika mila hiyo ni usawa wake, kwamba hakukuwa na mpokeaji na mtoaji, na aliyevunja kiapo, mwenyeji au mgeni, aliaminiwa kupatwa na mabaya yaleyale.

Hadi hapa nimeieleza habari hii kama hadithi tamu, na sitaki kuiacha hivyo. Wakimbizi kujiongoza wenyewe si jambo jema kwa kuwa tu ni wao wanaoongoza. Kambi ya Benaco, huko Ngara, mwaka 1994 iliongozwa na wakimbizi kwelikweli: mpangilio wa tarafa za Rwanda ulihamia pale pamoja na viongozi wake, na mwanzoni chakula kiligawiwa kwa kupitia mikono yao. Juni mwaka huo, ilipojaribiwa kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi, maelfu ya watu walizingira mahema ya mashirika na wafanyakazi wakalazimika kuondoka kwa muda. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Upande wa pili wa historia hiyohiyo, wakimbizi wa Kinyarwanda nchini Uganda walianzisha mwaka 1979 mfuko wa kusaidiana, wa kutunza wenzao waliotaabika baada ya Amini kuanguka. Mwaka uliofuata ukageuka chama cha siasa, RANU, na mwaka 1987 ukawa RPF, ambayo inaitawala Rwanda mpaka leo. Mfuko wa kusaidiana, jamani, ulioishia Ikulu.

Kwa hiyo ofisa anayewatazama wakimbizi wakiunda chama na moyo ukamdunda si lazima awe mtu katili. Anakumbuka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayowataka waishi katika maeneo yaliyotengwa na kutoka kwa kibali, iliandikwa na watu waliokuwa na Ngara na Karagwe akilini. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwapa wakimbizi nafasi zaidi ya kujitegemea, na katika kambi za Kigoma biashara zikabanwa. Naielewa hofu hiyo ila siamini dawa yake. Benaco haikuharibika kwa sababu wakimbizi walijipanga. Iliharibika kwa sababu waliojipanga hawakuwajibika kwa wale waliopangwa. Mwanamke aliyengoja unga wake hakuwa na namna yoyote ya kumtoza kiongozi wake hata senti kumi.

Ukivuka Mto Kagera pale Murongo unaingia wilaya ya Isingiro ya Uganda (Kyerwa nako kuna kata ya Isingiro, mto haukuweza kugawa jina). Huko ndiko yaliko makazi ya Nakivale, yaliyopokea wakimbizi tangu wimbi lilelile lililojaza Nkwenda. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na matokeo yake yanaonekana nchi nzima. Mwaka 2005 vijana wa makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan, walianzisha COBURWAS. Walilima pamoja ili kupata karo za wenzao, na baadaye wakafungua shule. Mwaka 2007 Robert Hakiza na vijana wenzake wa Kikongo walianzisha YARID jijini Kampala, wakianza na soka na masomo ya Kiingereza. Kate Pincock, Alexander Betts na Evan Easton-Calabria walizungukia vyama vya namna hii Uganda na Kenya, na kitabu chao cha mwaka 2020 kinaonyesha jinsi vinavyofanya kazi huku fedha za kimataifa zikivipita pembeni. Wakati huo huo wafadhili walikwisha kuahidi mwaka 2016 kwamba robo ya fedha za dharura zitafika kwa mashirika ya wenyeji ifikapo 2020. Hazikufika.

Sasa fasheni imebadilika, na mwaliko wa kila kongamano unataka mkimbizi mmoja jukwaani. Naogopa kidogo. Chama kinachoandika ombi la fedha hujifunza haraka kusema kile kinachotakiwa, idadi ya walionufaika, asilimia ya wanawake, na katibu aliyekuwa akikariri salio mbele ya wenzake sasa anakariri mbele ya mtu wa Geneva. Uwajibikaji umegeuka kutazama juu. Wenzake wa Jumanne hawamdai tena. Wanamsubiri arudi na mgao, na hapo tumerudi kwenye foleni.

Kuhusu muda, sina faraja ya kutoa. Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu waliondolewa Kagera, wakiwemo watu walioishi huku miongo mingi, waliooa na kuolewa, wenye migomba na mibuni yao. Kumbe kibanja nacho huhojiwa. Kikundi huvunja mzunguko kila mwaka: sanduku linafunguliwa, kila mtu anachukua akiba na faida yake, mizania inakuwa sifuri, na anayetaka anaanza upya. Zamani niliuona utaratibu huo kama woga wa kujenga kitu kikubwa. Sasa naona unamfaa sana mtu asiyejua Desemba itatangaza nini, maana kila mgao umekamilika wenyewe, na asiyekuwepo mwaka ujao hajadhulumiwa wala hajadhulumu.

Basi mtu akiniletea taarifa ya chama cha wakimbizi kinacholeta mageuzi, sitaanza na idadi ya walionufaika. Nitauliza mara ya mwisho mwenyekiti kutozwa faini ilikuwa lini, ya nini, na kama alilipa siku hiyohiyo. Kisha nitauliza kama mfadhili aliyechelewesha fedha kwa miezi minne, msimu wa kupanda ukapita, naye aliandikwa kwenye daftari la faini.